Gari Yako Ina Kilo Ngapi?

Wasee huuliza gari ina CC ngapi. Kilo hakuna mtu huuliza, na hapo ndipo stori iko.

Nazungumzia uzito wa gari ikiwa na mafuta, oili na maji, lakini bila abiria wala mzigo.

Chukua Honda Accord. Leo ni gari la saluni la saizi ya kati, lakini ilipotoka 1976 ilikuwa kigari cha kama kilo 900. Ilikuja kwa wakati wake. Mwaka wa 1973 nchi za Kiarabu zilikatia Marekani mafuta, bei ikaruka, watu wakapanga foleni petroli steshoni. Mwaka wa 1975 Marekani ikapitisha sheria ya kupunguza unywaji wa mafuta, na yale magari makubwa ya Detroit yakalazimika kukonda.

Accord ya sasa imepita kilo 1,400. Imenenepa na nini? Bodi imekua, starehe zimeongezeka, halafu kuna vyuma ndani ya milango na mifuko ya hewa. Kwanza watu waliogopa bei ya mafuta, baadaye wakaogopa kufa barabarani. Kila woga umeacha alama kwa mizani.

Shida ni hii: nzito ikigongana na nyepesi, nyepesi ndiyo hurushwa nyuma. Usalama wako unaweza kuwa hatari ya mwenzako. Kwa hivyo ukienda kununua gari, uliza kilo pia.