Kadi ya Gari Hulala Wapi

Mwaka juzi Baba alikuja Dar es Salaam kutoka Korogwe na Noah yake, akaiegesha Kariakoo kwa muda wa kununua nyaya za umeme. Aliporudi alikuta kioo kidogo cha nyuma kimevunjwa. Redio ilikuwepo. Taa zilikuwepo. Hata saiti mira zilikuwepo, na anayeijua Kariakoo ataelewa kwa nini nalitaja hilo. Kilichoondoka ni mkoba mweusi uliokuwa chini ya kiti cha dereva.

Akanipigia simu. "Mwanangu, wamechukua gari."

"Gari zima, Baba?"

"Gari lipo. Wamechukua kadi."

Nilidhani ni mshtuko tu. Zilipita wiki kadhaa ndipo nikaelewa kwamba alikuwa amesema sawasawa.

Ndani ya mkoba ule kulikuwa na kadi halisi ya usajili, mkataba wa mauziano, karatasi za bima za miaka mitatu na ufunguo wa akiba. Yaani mwenye mkoba alikuwa na kila kitu isipokuwa gari lenyewe, na gari angeweza kulifuata. Siku iliyofuata tulibadilisha vitasa. Kadi haikuwa rahisi hivyo, kwa sababu haikuwa na jina la Baba. Aliinunua Noah miaka sita nyuma kwa mwalimu mstaafu wa Muheza, wakapeana mikono, wakasainiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wakakubaliana kwamba kubadilisha jina kutafanyika "mwezi ujao". Wengi wetu tunaujua mwezi ujao huo. Kwenye kumbukumbu za serikali gari lilikuwa bado la mwalimu, na karatasi mbili pekee zilizolifunga kwa Baba zilikuwa kwenye mkoba mmoja, ndani ya gari hilohilo.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kazi yangu kubwa ni kuchambua karatasi za watu waliokwisha kufa. Ajabu ni kwamba sikuwahi kujiuliza karatasi za nyumbani kwetu zinakaa wapi. Tangu siku ile nikawa nauliza kila mwenye gari. Wengi walijibu "kwenye gari, wapi tena?" Rafiki yangu mmoja huiweka chini ya godoro. Mwingine alicheka, akasema yake haiwezi kuibwa kwa kuwa iko benki mpaka amalize mkopo. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na sanduku la chuma linalofungwa.

Karatasi za gari, ukizitazama kwa jicho la historia, ni koo mbili zilizokutanishwa ndani ya mfuko mmoja. Ukoo wa kwanza ni wa karatasi za kuonyeshwa. Uingereza, kwa sheria ya barabara ya mwaka 1920 iliyoanza kutumika mwaka 1921, iliwataka wenye magari wabandike kioo cha mbele kikaratasi cha duara kinachothibitisha kwamba ushuru umelipwa. Bima ya kuwalinda watu wengine barabarani ikawa lazima huko mwaka 1930. Tanganyika tukaletewa sheria yetu ya bima za magari mwaka 1945, na hiyo, baada ya marekebisho mengi, bado ndiyo msingi wa stika tunazozijua. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara ya bima ilikabidhiwa kwa Shirika la Bima la Taifa peke yake, na ikabaki hivyo hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko. Ndiyo maana wazee wengine wakisema "nakwenda Bima" wanamaanisha jengo fulani, si aina ya huduma.

Kioo cha mbele cha Noah kilikuwa nyaraka tupu. Stika za bima zilizokwisha muda, stika za wiki ya nenda kwa usalama, na ile ya ada ya barabara ya mwaka, ambayo serikali iliifuta katika bajeti ya mwaka 2017 na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Baba hakuibandua. Nilipomuuliza alisema huwezi kujua, wanaweza kuirudisha.

Ukoo wa pili ni wa karatasi za kufichwa, na mkubwa wake ni kadi. Hapa tumeachana na Waingereza waliotuletea utaratibu. Sheria ileile ya 1920 iliwapa wenye magari kitabu kidogo kilichoandikwa majina ya wenye gari mmoja baada ya mwingine, na ndicho kilichowaachia Wakenya neno logibuku. Lakini hati ya usajili ya Uingereza ya leo inatamka yenyewe kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja tu anayelitunza gari. Kwetu, nani atakuamini ukisema hivyo? Kadi ndiyo gari. Mkopeshaji haombi kuliona gari likitembea, anaomba kadi, anaifungia kabatini kwake, na wewe unaendelea kuendesha. Ukishindwa kulipa, anayeshika karatasi ndiye anayekuja kuchukua chuma.

Kwa hiyo karatasi yenye thamani ya gari zima tunaiweka mahali ambapo mwizi wa gari atafikia kwanza. Kile kisanduku cha dashibodi, mbele ya magoti ya abiria, hakikuwahi kuundwa kwa ajili ya hati. Jina lake la Kiingereza linatokana na glavu, kwa kuwa magari ya mwanzo yalikuwa wazi na upepo uliganzisha mikono. Dorothy Levitt, Mwingereza aliyeshiriki mashindano ya magari, alichapisha kitabu mwaka 1909 kuwaelekeza wanawake namna ya kuendesha, na droo ya gari aliipangia glavu safi, kitambaa, kioo cha mkononi, hata chokoleti. Kitasa chake hadi leo ni cha kulinda chokoleti.

Lakini kisanduku kilikuwa sehemu ndogo ya jibu, kwani Baba hakukitumia. Alikuwa na mkoba, na mkoba ulikuwa na historia yake.

Babu yangu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe. Huko kila kibarua alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na kila siku aliyomaliza fungu lake iliwekwa alama. Mtindo huo ulianza zamani. Mwaka 1907 utawala wa Wajerumani katika Usambara, makao yake yakiwa Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, ulianzisha kadi iliyomlazimu mwanamume kufanya kazi siku 30 kwa mzungu katika kila miezi minne, la sivyo apelekwe kazi za serikali. Waingereza walipoingia, neno kipande lilibaki mashambani. Kenya hali ilikuwa kali zaidi: sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu, ilimtaka mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 atembee na kipande ndani ya kikopo cha bati kinachoning'inia shingoni. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku, na alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kumdai walipigwa risasi.

Nyumbani husimuliwa kwamba Babu alikihifadhi kipande chake ndani ya kofia na kulala nacho. Siku 29 bila kipande, alikuwa akisema, ni siku 29 za kumfanyia mtu kazi bure.

Baba hakukuta kipande, ila alikuta kodi. Kodi ya maendeleo, ambayo watu waliendelea kuiita ya kichwa, ilirudishwa miaka ya 1980 na kufutwa mwaka 2003. Akiwa kijana alisimamishwa akienda mnadani, risiti iko nyumbani, amelipa kweli, na hakuna aliyetaka kusikia habari ya nyumbani. Alikaa chini ya mwembe na wenzake hadi jioni, mdogo wake alipoileta kwa baiskeli. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kama kichekesho. Safari hii niliisikia vingine. Kwa mtu kama yeye, karatasi salama ni ile iliyo karibu na mkono, kwa sababu hatari aliyofundishwa kuiogopa ni ya kuulizwa. Mwizi hakuwemo katika hesabu. Uingereza askari akikuomba karatasi za gari huna, anaweza kukupa siku 7 uzipeleke kituoni, nilipomweleza Baba, aliuliza, "Na wewe huku unakuwa umekaa wapi hizo siku saba?"

Tulikwenda Muheza kumtafuta mwalimu. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Watoto wake walitupokea vizuri, wakatupa chai, kisha kijana wa pili akasema kwa upole kabisa kwamba kwa karatasi zilivyo, Noah ni mali ya marehemu na itaingia kwenye mirathi. Baba alishika kikombe bila kunywa. Ufunguo wa gari alilolilipia ulikuwa mezani mbele yake, na hakuwa na hata kipande cha karatasi cha kumjibu yule kijana.

Tuliokolewa na mwenyekiti wa mtaa. Si yule aliyekuwepo wakati wa mauziano, bali mkewe, aliyekuwa na faili la marehemu mumewe chini ya kitanda, kila mkataba aliougonga muhuri ukiwa na nakala yake, umefungwa kwa uzi wa katani. Wetu ulikuwemo. Kijana wa pili aliusoma mara mbili, akaomba radhi. Hata hivyo ilibidi kusubiri mahakama ya mwanzo imteue msimamizi wa mirathi, ndipo zifuate ripoti ya upotevu, kiapo kwa wakili, maombi ya kadi mpya na hatimaye kubadilisha jina. Miezi minane. Noah ilikaa uani muda wote huo, kuku wakitagia chini yake.

Kadi mpya ina jina la Baba na iko nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza unyevu, kwenye sanduku la bati la Mama lenye vyeti na hati ya kiwanja. Mama alitaka kulifungia kabisa kwa kufuli kubwa. Tukakubaliana ufunguo niwe nao mimi pia. Nakala ya mkataba ipo kwa dada yangu Tanga. Picha zake ziko kwenye simu yangu na kwenye barua pepe, na kwenye gari ziko nakala za kadi na bima tu, kwa kuwa uhalali wa bima siku hizi huangaliwa kwa namba ya gari kwenye mtandao.

Mwezi uliopita tulipita Segera pamoja, askari wa usalama barabarani akatusimamisha. Aliomba leseni, akaandika namba ya gari kwenye kifaa chake, akasema safari njema. Baba alikuwa ameshafungua mkoba mpya, nakala zimetandazwa mapajani, moja ameinyoosha dirishani. Askari alikuwa ameshaligeukia basi lililokuwa nyuma yetu. Baba aliendelea kuishika ile karatasi nje ya dirisha mpaka nilipowasha gari.