Kanisa la Nyamata na Haki ya Hifadhi

Ndugu msomaji, ukitoka hapa Kimironko ukaelekea kusini hadi wilaya ya Bugesera, mwendo wa kilomita zipatazo 30 kutoka Kigali utakufikisha Nyamata. Hapo lipo kanisa la matofali ambalo zamani lilikuwa la parokia. Leo halisaliwi tena. Mabenchi yake yamelundikwa nguo za waliouawa, na bati lake limetobolewa matundu mengi.

Kwa nini watu walikimbilia humo? Desturi ya kujihifadhi kanisani ni kongwe. Katika Uingereza ya zama za kati, hata kanisa la kijiji kidogo lilikuwa na haki ya hifadhi: mtuhumiwa aliyeingia humo aliweza kukaa hadi siku 40 bila kukamatwa. Haki hiyo ilifutwa katika karne ya 17. Rwanda haikuwa na sheria ya namna hiyo, ila watu walikuwa na kumbukumbu. Machi 1992, Watutsi wa Bugesera waliposhambuliwa, wengi walikimbilia kanisa hilo wakanusurika. Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyeishi Nyamata, alivieleza vyombo vya habari vya nje yaliyokuwa yakitendeka, naye akauawa. Kaburi lake liko kando ya kanisa.

Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu walirudi palepale wakiwa na tumaini lilelile. Safari hii wanajeshi na Interahamwe waliuvunja mlango kwa mabomu ya mkono. Leo, makaburi ya pamoja ya Nyamata yamehifadhi mabaki ya watu zaidi ya 45,000, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza kumbukumbu hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango. Kuta za Nyamata za mwaka 1992 ndizo zilezile za mwaka 1994. Kilichobadilika ni utashi wa wenye mamlaka, waliopaswa kumlinda raia, nao wakawa ndio wanaomwinda. Mkimbizi wa kule Uingereza hakulindwa na mawe. Alilindwa na sheria ambayo hata adui zake waliiheshimu.

Basi, msomaji wangu, utakapozuru Nyamata, usiishie kuyatazama matundu ya bati. Simama pia kwenye kaburi la yule mama. Hakuwa na ukuta wala silaha. Alikuwa na sauti, akaitumia kwa ajili ya jirani zake. Wajibu huo haumhitaji padri wala askari. Ni wako na wangu.