Kuba la Kaburi, Nyumba ya Sauti

Katika viwanja vya kanisa la kale la St Pancras, London, lipo kaburi ambalo msanifu majengo John Soane alimjengea mkewe aliyefariki mwaka 1815. Limefunikwa kwa kuba fupi la jiwe, na chini yake Soane mwenyewe alizikwa mwaka 1837. Mwaka 1924, Giles Gilbert Scott, aliyepata kuwa mdhamini wa makumbusho ya Soane, alishinda shindano la kubuni kibanda cha simu ya umma. Paa alilolichora lilishabihiana mno na kuba lile, hata wajuzi wengi wa usanifu husema kwamba alilitoa huko. Nyumba ya kimya ikazaa nyumba ya sauti.

Kibanda hicho, K2, kilianza kusimama mitaani mwaka 1926. Kilikuwa cha chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, kizito kupita tani moja, na taji lililotobolewa juu yake lilikuwa pambo na tundu la hewa kwa pamoja. Scott alipendekeza rangi ya fedha. Posta ikachagua nyekundu, ili kionekane kwa mbali. Mwaka 1935 akabuni K6, kidogo zaidi na cha gharama nafuu, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Mfalme George V. Vilitengenezwa takriban 60,000, vikaenea mpaka vijijini.

Thamani yake haikuwa chuma peke yake. Asiye na simu nyumbani alipata humo, kwa sarafu chache, mlango wa kuufunga nyuma yake na faragha ya kusema lililomkaa moyoni. Posa, tanzia, deni na msamaha, yote yalipita chini ya kuba lile, na nje hapakusikika neno.

Shirika la simu lilibinafsishwa mwaka 1984, na mwaka uliofuata likatangaza kuviondoa vibanda vya zamani na kuweka vipya. Wapenzi wa majengo ya karne ya 20 wakapaza sauti. Mwaka 1986, kibanda cha kwanza, cha aina ya K3, kilichopo katika bustani ya wanyama ya London, kiliingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Leo vilivyomo katika orodha hiyo vimepita 2,000.

Lakini sheria ile ililinda chuma, haikulinda sauti. Tangu mwaka 2008 halmashauri za vijiji zimeweza kukabidhiwa kibanda kwa pauni 1, baada ya simu kung'olewa. Baadhi vimekuwa maktaba ndogo. Vingine vimewekwa mashine ya kuushtua moyo uliosimama. Hilo ni jema, kwani kitu kinachotumika hakiozi upesi. Hata hivyo, katika mwaka mmoja uliomalizikia Mei 2020, simu karibu 150,000 za kuomba msaada wa dharura zilipigwa kutoka vibanda vya umma. Ndipo mwaka 2022 msimamizi wa mawasiliano, Ofcom, alipoweka kanuni za kuzuia kufungwa kwa simu zilizo mahali pasipofikiwa na mitandao yote ya mkononi, au penye ajali nyingi.

Nasi wa visiwani swali hili latuhusu. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na jengo la zamani la mawasiliano ya ng'ambo pale Shangani sasa ni hoteli. Kuta zimesalimika, na tushukuru. Ila wapitao mlangoni, wangapi wajua kwamba humo zilipita habari za walio mbali?

Kuhifadhi, basi, kuna nusu mbili: kuusitiri mwili wa kitu, na kuikumbuka kazi yake. Tukishika nusu ya kwanza tu, kuba litarudi kuwa lilivyoanza: pambo zuri juu ya kaburi.