Insulini Ilipoingia Jikoni

Kabla ya 1922, mtoto aliyeugua kisukari cha aina ya kwanza alitibiwa kwa njaa. Daktari Frederick Allen wa New York aliwapimia wagonjwa wake chakula kidogo mno, wakabaki mifupa mitupu, mradi wasogeze siku. Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyechomwa insulini mjini Toronto tarehe 11 Januari 1922, hakufika hata kilo 30. Sindano hiyo ya kwanza haikumfaa kitu: dawa ilikuwa chafu, na pale alipochomwa pakafanya jipu. James Collip akaisafisha upya, na siku 12 baadaye sukari ikashuka.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, kwa shangwe. Kumbe hapo ndipo kazi ya nyumbani ilipoanza.

Robin Lawrence aliijua kazi hiyo vizuri. Daktari huyu wa London alikuwa Florence, Italia, akingoja kufa, alipopata habari mwaka 1923 kwamba insulini imefika Uingereza. Akarudi, akachomwa, akaishi hadi 1968. Kwa kuwa aliugua mwenyewe, alifahamu kwamba maamuzi makubwa hufanyika mezani, sahani ikiwa mbele ya mgonjwa na daktari hayupo. Aliwaandikia wagonjwa mwongozo wa kupima chakula, na mwaka 1934 akaanzisha chama chao pamoja na mwandishi H. G. Wells, naye akiwa na kisukari.

Jikoni nako kulikuwa na shughuli. Bomba la sindano, la kioo, lilichemshwa na kuhifadhiwa ndani ya spiriti. Sindano yenyewe ilitumika tena na tena, na ikifanya ubutu ilinolewa kwenye jiwe. Ili kupima sukari, matone ya mkojo yalitiwa katika dawa ya buluu ya Benedict, kisha neli ikapashwa moto. Ikibaki buluu, heri. Ikigeuka rangi ya tofali, balaa. Tena jibu lilikuja limechelewa, maana mkojo hueleza mambo ya saa zilizopita.

Mwaka 1974 watafiti wa London walitangaza kwamba wameona katika damu ya wagonjwa kingamwili zinazolenga seli za kongosho. Basi chanzo cha ugonjwa kilikuwa kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe. Ugunduzi mkubwa, ingawa haukumpunguzia mtu sindano hata moja.

Vipimo vya damu vya nyumbani vilipoenea miaka ya 1980, neli zikatupwa. Joto, linaloharibu insulini, halikutupika. Afrika Mashariki, nyumba nyingi zisizo na friji huweka insulini kwenye mtungi wa udongo. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, wagonjwa walilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa, kwa kuwa dawa haikuruhusiwa kukaa kwenye joto la nyumbani. Mwaka 2021, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya utafiti wao: insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu sawa na ya kwenye friji. Chupa ingeweza kwenda nyumbani na mwenyewe.