Historia ya Japani kwa Mwanafunzi wa Kabras: Suala la Lugha

Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki, Wakenya wakiwa miongoni mwao, walipigana na Wajapani huko Burma, kutoka bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Japani ilijulikana kwao kama adui. Leo kijana wa Kabras, akiwa Malava, aweza kusoma historia ya nchi hiyo katika kiwango cha chuo kwa njia ya intaneti. Hata hivyo, masomo hayo humfikia kwa Kiingereza, na hapo ndipo penye suala.

Mageuzi ya Meiji ya mwaka 1868 Kiingereza huyaita urejesho, yaani kurudishwa kwa mamlaka ya mfalme mkuu. Kijapani huyaita ishin, neno lenye maana ya kufanywa upya. Afasiriye kutoka Kiingereza hurithi pia uamuzi wa Waingereza juu ya tukio lenyewe.

Wajapani walilikabili tatizo la namna hii. Chuo Kikuu cha Tokyo kilipoanzishwa mwaka 1877, walimu wengi wa kigeni walifundisha kwa lugha za Ulaya. Baadaye Wajapani waliosomea ng'ambo walishika nafasi zao, na Kijapani kikawa lugha ya kufundishia. Istilahi zilizokosekana ziliundwa. Shakai, yaani jamii, ni mojawapo.

Mwanafunzi wa Malava, mwenye Lukabarasi nyumbani na Kiswahili sokoni, husoma habari hizo kwa lugha ya tatu. Hapana budi idara za Kiswahili zimwandalie istilahi.