Mkojo katika Chupa Mbili

Leo tusome habari za mji wa Seoul, Korea ya Kusini. Tarehe 24 Septemba 1988 Bwana Ben Johnson wa Kanada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79. Hapakuwa na mtu aliyepata kukimbia upesi hivyo.

Baadaye alitoa mkojo, ukagawanywa katika chupa mbili. Ya kwanza hupimwa, ya pili huwekwa kwa kuhakikisha. Mashine hutenganisha vitu vilivyomo, kisha huvivunja na kupima uzito wa kila kipande. Kila dawa ina vipande vyake, kama mtu na alama za vidole. Chupa zote mbili zilikuwa na stanozololi, dawa ya kutunisha misuli.

Watu wake walisema: labda adui alitia dawa katika kinywaji. Neno hili si la kupuuza, maana mtu aweza kuonewa. Lakini Bwana Manfred Donike, mkemia Mjerumani, (naye zamani alishindana kwa baisikeli!) alionyesha kuwa homoni za mwili wa Johnson mwenyewe zimefifia, kunywa mara moja hakufanyi hivyo. Akanyang'anywa medali.

Mwaka 1989, mbele ya tume nchini kwake, Johnson alikiri kuwa alitumia dawa hizo kwa miaka.