Rejeta ya Shaba

Huku Amukura, Peugeot 504 haihitaji kutambulishwa. Ilikuwa ikiunganishwa Mombasa, ikashinda Safari Rally 1975 na 1978, na pikapu zake zilibeba abiria miaka mingi. Watu husifu injini. Mimi nasifu rejeta.

Rejeta za enzi hiyo zilikuwa za shaba. Ya mzee wetu ikianza kuvuja, hangoji fundi wa mjini. Anaacha injini ipoe kabisa ndipo afungue kifuniko, anafuata alama ya maji hadi kwa tundu, anasugua shaba mpaka ing'ae, kisha anaziba kwa risasi na chuma cha moto.

Kuanzia miaka ya 1980, watengenezaji wengi walihamia alumini yenye vichwa vya plastiki. Ni nyepesi, sawa, lakini plastiki ikipasuka risasi haishiki. Unanunua nzima.

Tunasema magari ya zamani yalikuwa magumu. Yaliharibika sana tu. Ila yalikubali kutengenezwa nyumbani. Na kama mgonjwa anasubiri kupelekwa hospitali usiku na pesa hakuna, hiyo ndiyo ilikuwa maana ya gari zuri.